Nukta ya Tatu

1

Hewa nzito iligusa nguzo ya kwanza ya kupimia saa mbili kamili asubuhi. Taa nyekundu ikawaka ukutani, na Atuganile Mwaisumo akaandika kwa chaki ubaoni: saa 2, mita 20. Kisha akavuta kigoda, akaketi kuingoja taa ya pili.

Hakukuwa na la kuona. Hewa ile haina rangi wala harufu. Hutoka ziwani, chini kabisa ya bonde, hujaa taratibu kama maji yanavyojaa kwenye beseni, na chochote chenye pumzi kikizama humo hulala kisiamke. Zamani, kabla joto halijawafukuza watu kutoka nchi za chini, ziwa lilikuwa limetulia na watu walikwenda kulitazama siku za sikukuu. Siku hizi lilitapika mara moja au mbili kwa mwaka, na kila likitapika, watu wa Mgodini walijifungia.

Walikuwa mia sita na kumi na wawili, wakiishi ndani ya mlima, katika mahandaki ya mgodi uliokwisha madini. Mashamba yao ya viazi yalikuwa nje, kwenye matuta ya bondeni. Kati ya mashamba na makazi palikuwa na lango moja tu, mita tisini na mbili juu ya ziwa, na kuta za mwamba pande zote mbili ambazo hata mbuzi hakupanda. Ndani ya lango handaki liliteremka. Hewa nzito ikivuka kizingiti ingeshuka yenyewe hadi vyumba vya kulala, hadi shuleni alikokuwa akifundisha Lusajo, binti yake Atuganile, wala isingehitaji mtu wa kuisukuma.

King'ora kilikuwa kimelia tangu saa moja. Waliokuwa kwenye matuta ya karibu walikwisha kuingia. Walibaki thelathini na mmoja waliokuwa ng'ambo ya bonde, kwa kuwa ilikuwa wiki ya kuchimba viazi na hata wazee walishuka kuchambua mbegu. Aliyewaongoza kurudi alikuwa msimamizi wa mashamba, Ambakisye, mume wa Atuganile.

Saa nne kamili taa ya pili ikawaka. Saa 4, mita 44.

"Haya, mwalimu, tuhesabie," akasema Gwakisa, fundi wa povu la kuzibia lango, akijifuta mikono kwa tambara. Mapipa yake mawili yalikuwa yamesimama kando ya lango, mabomba tayari.

Atuganile alikuwa amefundisha hesabu miaka kumi na miwili kabla ya kukabidhiwa lango, na hadi leo aliandika ubaoni kama aliye mbele ya darasa. Arobaini na nne kutoa ishirini, tofauti ya urefu ni ishirini na nne. Nne kutoa mbili, tofauti ya muda ni saa mbili. Ishirini na nne gawanya kwa mbili, kumi na mbili: huo ndio mteremko wa mstari, yaani kila saa hewa inapanda mita kumi na mbili. Ikabaki namba ya mwisho. Saa mbili mara kumi na mbili ni ishirini na nne, lakini nguzo ilisoma ishirini. Basi kuna nne za kutoa. Akaandika mlinganyo mzima:

urefu = 12 × saa − 4

"Tuujaribu kwa nukta ya pili," akasema, kwa mazoea zaidi kuliko kwa shaka. "Kumi na mbili mara nne, arobaini na nane. Toa nne, arobaini na nne. Umekubali." Kisha akaweka tisini na mbili mahali pa urefu, akageuza. "Saa nane kamili itakuwa kizingitini. Povu linataka nusu saa kukauka. Tunamwaga saa saba na nusu."

"Na wao watafika saa ngapi?"

Aliyeuliza alikuwa Mwenyekiti Angolwisye, mzee mrefu, kofia mkononi, ambaye kwa kawaida hakushuka langoni. Leo alishuka. Binti yake wa pekee, Subilaga, alikuwa miongoni mwa wale thelathini na mmoja, na mimba ya miezi saba.

Atuganile akauliza kwenye simu ya upepo. Ambakisye akajibu kwamba kwa mwendo wa wazee watafika saa saba kasoro dakika tano.

"Dakika thelathini na tano za ziada," akasema Mwenyekiti. Ndipo akakubali kiti.

Hakuna aliyeuliza kama nukta mbili zinatosha. Jibu lilikuwa limeandikwa ukutani kwa rangi ya mafuta: NUKTA MBILI. MSTARI MMOJA. LANGO HUFUNGWA KWA SAA YAKE. Miaka tisa iliyopita, kwenye lango la zamani, mlinzi aliyeitwa Mwankenja alikuwa na mkewe nje. Mstari ulimwambia afunge. Yeye akataka kipimo cha tatu, akataka cha nne, akasema huenda inapungua, tungoje kidogo. Walikufa watu themanini na wanane, yeye akiwamo. Lango jipya lilijengwa juu zaidi, nguzo zikasimamishwa mbili tu, na sheria ikapitishwa kwa kura ya watu wote. Atuganile mwenyewe aliinua mkono.

Saa tano na nusu Subilaga akaja hewani. Alikuwa anahema.

"Shikamoo mama. Tumefika kwenye chemchemi. Miguu imevimba. Baba Lusajo anasema nikuulize wewe: tunaweza kupumzika kidogo? Wazee nao wamechoka."

Atuganile akatazama ubao.

"Marahaba mwanangu. Pumzikeni robo saa. Muda upo."

2

Saa sita na dakika mbili Ambakisye akaita tena. Gwakisa alikuwa nje anafunga bomba, Mwenyekiti amesinzia kitini. Atuganile alikuwa na kidude sikioni, na sauti ya mumewe ikamwingia yeye peke yake.

"Mama Lusajo. Uko peke yako?"

"Sema."

"Nimesimama kwenye jiwe la sabini na nne. Mimi ni wa mwisho, wenzangu wamenitangulia hatua kama mia. Kipimo changu kimelia."

Kando ya njia ya mikokoteni kulikuwa na mawe yaliyoandikwa urefu kwa rangi nyeupe, ili wachukuzi wajue walipofika. Kipimo alichokuwa nacho kilikuwa cha mkononi, fimbo yenye kengele ndogo, ambacho wakulima walikibeba wakishuka makorongoni.

"Kimelia saa ngapi?"

"Saa sita kamili. Nimerudia mara tatu ndipo nikakuita. Magotini kinalia, kifuani hakilii. Ubao wako unasema hewa iwe wapi saa hizi?"

Hakuhitaji kutazama. Kumi na mbili mara sita, sabini na mbili, toa nne. "Sitini na nane."

"Basi imekupita mita sita."

"Kipimo chako ni cha zamani, Baba Lusajo."

"Ni cha zamani, lakini hakijawahi kunidanganya." Akavuta pumzi. "Nimeifikiria hii tangu tunaanza kupanda. Kule chini bonde ni pana kama sinia. Huku tulipo ni shingo ya chupa. Kinachotoka ziwani ni kilekile, lakini huku hakina pa kutandaa. Lango la zamani lilikuwa mita ngapi?"

"Arobaini na nane."

"Na tangu tuhamie lango hili haijawahi kupita nguzo ya pili. Kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kuipima huku juu. Hesabu, mama. Usihesabu kwa moyo, hesabu kwa chaki."

Akachukua kipande cha chaki na kugeuza ubao upande wa pili. Saa 4, mita 44. Saa 6, mita 74. Tofauti ya urefu thelathini, tofauti ya muda mbili. Mteremko kumi na tano. Kumi na tano mara sita ni tisini. Ili upate sabini na nne, toa kumi na sita. Urefu = 15 × saa − 16. Akaweka tisini na mbili. Mia moja na nane gawanya kwa kumi na tano, saba nukta mbili. Saa saba na dakika kumi na mbili hewa ingekuwa kizingitini. Ukiondoa nusu saa ya povu, inabaki saa sita na dakika arobaini na mbili.

Watu wake sasa wangefika saa saba na dakika kumi.

Akasimama mbele ya namba zile na chaki mkononi. Nyuma yake Mwenyekiti alikoroma kidogo. Hakuna aliyesikia. Akiugeuza ubao tu, mlinganyo wa kwanza ungerudi mbele, umeandikwa vizuri, umehakikiwa, na sheria ukutani ikiwa upande wake. Angekaa kimya, lango lingekuwa wazi saa saba na dakika kumi, na mumewe angeingia. Hakuna ambaye angemlaumu. Pengine asingebaki mtu wa kulaumu, na hilo pia alilijua. Lakini akili yake ilikuwa inatafuta mwanya. Pengine kengele imeharibika. Pengine jiwe limeandikwa vibaya. Angeweza kumwambia apime tena baada ya dakika kumi.

Hapo akamkumbuka Mwankenja. Kumbe ndivyo ilivyoanza.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Mteremko ulikuwa kumi na mbili, sasa umekuwa kumi na tano. Shingo ya chupa ilizidi kubana kadiri unavyopanda. Nani alimwambia kwamba utakaa kwenye kumi na tano? Mstari huu wa pili nao ulichorwa kwa nukta mbili.

"Umepata ngapi?" akauliza Ambakisye.

"Nafunga saa sita na nusu."

Akasikia mumewe akitoa pumzi ndefu. Hakubisha, wala hakuuliza dakika kumi na mbili zimekwenda wapi.

"Kilomita tatu kwa dakika ishirini na tano," akasema Ambakisye. "Wenye miguu watafika. Acha niwaambie."

"Na wewe una miguu."

"Nina watu tisa ambao hawawezi kwenda bila mimi. Mama Lusajo, nikiwaacha hapa nikaja kukaa na wewe mezani, tutaongea nini?"

Atuganile akachomoa kidude sikioni, akafungua spika ya chumba, akamwamsha Mwenyekiti.

3

Mzee alisikiliza akiwa amesimama. Alitazama ubao, akautazama tena, kisha akaenda akasimama mbele ya mkono wa chuma uliofungua mapipa ya povu.

"Sheria inasema saa saba na nusu."

"Sheria ilitokana na lango la mita arobaini na nane, mzee."

"Sheria inasema nukta mbili. Wewe uko hapa kwa sheria hiyo. Themanini na wanane tuliwazika ili mtu asisimame tena mahali hapa akaongeza nukta yake." Akaunyooshea ubao kofia yake. "Unamfungia mtoto wangu nje, mwalimu, kwa kengele ya fimbo!"

"Namfungia na mume wangu."

Spika ikakwaruza. "Mwenyekiti, shikamoo."

Mzee akageuka kuiangalia spika kana kwamba mtu ameingia chumbani. "Marahaba," akasema.

"Hewa iko hapa magotini pangu. Ningekuwa nasema uongo ningesema iko chini, ili mtungoje. Subilaga nimemtanguliza, anatembea kwa haraka awezavyo, na mwenzake Tumpe amemshika mkono. Tafadhali mwondokee mwalimu hapo ulipo. Tuna dakika chache na nahitaji pumzi."

Mwenyekiti hakuondoka mara moja. Kisha akasogea pembeni, akapitia mlangoni, akatoka hadi kizingitini, akaanza kuita jina la binti yake kuelekea bondeni. Aliita kwa nguvu zake zote, sauti ikigonga mwamba na kurudi.

Gwakisa akasimama kwenye mabomba. Atuganile akasimama kwenye mkono wa chuma, saa ya ukutani mbele yake.

Wa kwanza aliingia saa sita na dakika ishirini na moja, kijana aliyekuwa amevua viatu. Kisha wawili, kisha mama na mtoto mgongoni, ametupa kila kitu isipokuwa mtoto. Walipita mbio wakaanguka ndani ya handaki, wakakohoa, wakasukumwa wateremke zaidi. Atuganile aliwahesabu kwa sauti. Saba. Kumi. Kumi na nne. Saa sita na dakika ishirini na nane walikuwa kumi na sita, na kwenye kona ya mwisho ya njia alionekana mmoja tu, anakuja anayumba. Nyuma yake njia ilikuwa tupu hadi macho yalipoishia.

"Kumi na saba," akasema Atuganile. Mshale wa dakika ukasimama kwenye sita.

"Mwalimu," akasema Gwakisa taratibu, "dakika tano tu. Kwa hesabu yako tunazo kumi na mbili."

"Mtoe Mwenyekiti kizingitini."

Ilibidi abebwe. Alikuwa mwepesi kuliko alivyoonekana. Gwakisa alipomweka chini na kurudi kwenye bomba, Atuganile alivuta mkono wa chuma, na povu likatoka likinguruma, jeupe, zito, likajaza lango kutoka sakafuni hadi darini. Mwanga wa mchana ukawa duara dogo juu kabisa. Halafu haukuwapo.

4

Saa sita na dakika thelathini na nane watu wanne walifika upande wa pili. Povu lilikuwa bado linavimba na sauti zilipita ndani yake hafifu, kama za watu walio chini ya blanketi. Walimsikia Tumpe akisema wako wanne, wamefika, wafunguliwe. Walimsikia Subilaga akimwita baba yake.

Hakuna cha kufungua. Povu halina mlango. Likikauka huwa jiwe, na kulikata kwa misumeno huchukua siku tisa. Likiwa bichi unaweza kulipenya kwa mkono, na tundu la mkono mmoja lingetosha kuingiza kifo cha Mgodini nzima. Mwenyekiti aliweka viganja vyake kwenye povu. Gwakisa akamshika kiuno asisukume. Kisha wakamwona hasukumi. Alikuwa ameegemeza paji la uso, anaongea na binti yake kwa Kinyakyusa cha utotoni, polepole, na wengine wakatoka wakawaacha.

Kwenye simu ya upepo Ambakisye alikuwa ameita mara moja tu tangu lango lifungwe.

"Chukua chaki. Saa sita na nusu. Jiwe la themanini na mbili."

Akaandika. Nane kwa nusu saa. Mteremko umekuwa kumi na sita.

"Bado unapinda," akasema.

"Nilijua. Waliofika ni wangapi?"

"Kumi na saba."

"Sawa." Alikuwa anahema kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. "Bibi Sambwe anasema nikuambie amekuwa anaona usingizi tangu asubuhi, kwa hiyo hana neno." Kulikuwa na kicheko cha kike nyuma yake, kikavu, cha bibi kizee. "Mama Lusajo, nguzo ziwe nyingi. Kila mita kumi."

"Zitakuwa."

"Na usiache mtu akuambie kwamba..."

Hapo sauti ilikatika. Atuganile alimwita kwa jina lake, sio kwa jina la mtoto, kitu alichokuwa hajakifanya tangu mwaka walipooana. Alimwita mpaka Lusajo, aliyeambiwa shuleni na kuja mbio, alipomshika mkono na kuuondoa kwenye kitufe.

Saa saba kamili povu lilikuwa limekauka. Saa saba na dakika nne kipimo kilichochimbiwa kwenye kizingiti, upande wa nje, kililia. Mstari wa kwanza ulikuwa umesema saa nane. Wa pili ulikuwa umesema saa saba na dakika kumi na mbili.

5

Siku ya tatu Mwenyekiti alikuja chumba cha lango, akaketi kwenye kigoda. Hakuwa amenyoa. Misumeno ilikuwa inalia upande wa pili wa ukuta.

"Nifundishe," akasema.

"Nikufundishe nini, mzee?"

"Hiyo unayoifanya. Nukta mbili unazigeuza kuwa mstari. Miaka tisa nimeisimamia sheria hii, sijui hata inavyohesabiwa. Nataka kuihesabu mwenyewe."

Alimpa chaki. Mzee alikuwa mzito wa namba, lakini alikuwa mvumilivu, na alifuta kwa mkono wa shati alipokosea. Alitafuta tofauti ya urefu, akatafuta tofauti ya muda, akagawanya. Alichukua nukta ya saa sita na ile ya saa sita na nusu, akapata kumi na sita, akahangaika na namba ya mwisho mpaka akapata kutoa ishirini na mbili. Kisha akaweka tisini na mbili, akapata saa saba na dakika saba na nusu.

"Lakini ilifika saa saba na dakika nne."

"Naam. Ilikuwa inapinda. Mstari wowote ungeichelewa."

"Ondoa nusu saa ya povu." Alihesabu kwa vidole. "Saa sita na dakika thelathini na nne. Hiyo ndiyo dakika ya mwisho ambayo mtu angeweza kumwaga, kama angejua yote."

"Ndiyo."

"Na Subilaga alifika na thelathini na nane."

"Ndiyo."

Mzee akatoa moja kwa nyingine ubaoni. "Dakika nne," akasema. "Kwa hiyo hata ungejua yote, usingeweza." Mabega yake yakashuka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile kumwona anapumua vizuri. "Mwalimu, zile kumi na mbili ulizopunguza, ulizipata kwenye mlinganyo gani?"

"Sikuzipata kwenye mlinganyo. Niliogopa."

"Basi. Nitamwambia mama yake. Dakika nne." Akaanza kuinuka.

Atuganile angeweza kumwacha aende. Alimwona akifika mlangoni, mkono kwenye kitasa, mtu mzima aliyepata kitu kidogo cha kumpelekea mkewe.

"Mzee, kaa kwanza. Kuna robo saa nyingine."

Akamweleza. Chemchemi, miguu iliyovimba, jinsi mtoto alivyouliza kwa adabu na yeye alivyotazama ubao na kusema muda upo. Bila robo ile Subilaga angefika na dakika ishirini na tatu. Aliyasema yote bila kujitetea, macho yake sakafuni.

Mwenyekiti hakukaa. Alisikiliza hadi mwisho, kofia mkononi.

"Kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu ulitaka kuihesabu mwenyewe."

Aliondoka bila kuaga. Siku ya tano mkutano uliitishwa, na yeye ndiye aliyesimama kupendekeza nguzo ziwe tisa, kila mita kumi, na mlinzi wa lango ahesabu upya kila taa inapowaka. Kura zikapita. Atuganile akaomba aondolewe kazini. Mwenyekiti akasema ombi limesikika, halijakubaliwa, na hakumtazama alipolisema. Hakumsemesha tena nje ya mambo ya kazi kwa maisha yake yote yaliyobaki.

6

Siku ya tisa msumeno ulitokeza upande wa pili. Walisubiri vipimo vinyamaze mpaka jiwe la hamsini, ndipo wakatoka na machela.

Wale wanne walikuwa wameketi wameegemea povu, Subilaga amelaza kichwa begani kwa Tumpe. Mwenyekiti na mkewe waliwashughulikia. Atuganile hakusimama pale. Aliteremka njia ya mikokoteni na Lusajo na Gwakisa, wakiwapita wengine mmoja mmoja, wawili wawili, mahali walipochoka.

Ambakisye alikuwa karibu na jiwe la themanini na tano. Alikuwa amepiga magoti, ameinama mbele, viganja vyote viwili ardhini, kama mtu aliyetaka kuinuka akapumzika kidogo kwanza. Bibi Sambwe alikuwa bado mgongoni pake. Alikuwa amembeba kama abebwavyo mtoto, kanga imempitia bibi mgongoni na kuja kufungwa kifuani kwa Ambakisye.

Haikuwezekana kuwalaza kwenye machela mpaka watenganishwe. Gwakisa akatoa kisu. Atuganile akatikisa kichwa, akapiga magoti mbele ya mumewe, akaingiza mikono chini ya kifua chake. Fundo lilikuwa limefungwa mara mbili na kuvutwa kwa nguvu, na uzito wa siku tisa ulikuwa umelikaza. Alilitafuta kwa kucha. Kucha moja ikavunjika, akaendelea na nyingine.

Lusajo alichuchumaa kando yake, akamshikilia baba yake begani asiegemee upande. Jua lilikuwa kali. Kule juu watu walianza kulia kwa sauti. Atuganile alifanya kazi yake bila haraka, ncha moja kwanza, halafu nyingine, mpaka kanga ikalegea na bibi akateleza mikononi mwa Gwakisa.